Ukimya Si Kuhama: Kakamega na mbao za matangazo za simu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe ya Kenya ilipita Nairobi, tena ilipita kwenye waya wa simu. Environment Liaison Centre International, yaani ELCI, muungano wa mashirika ya mazingira wenye makao yake jijini humo, uliendesha kompyuta iliyokuwa sehemu ya FidoNet, mtandao wa mbao za matangazo za kielektroniki zilizofikiwa kwa modemu na laini za kawaida za simu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki katika ESANET, mradi uliounganisha vyuo vikuu vya mashariki na kusini mwa Afrika kwa teknolojia hiyo hiyo. HealthNet, ya shirika la SatelLife, iliwapelekea wahudumu wa afya taarifa za kitabibu kwa njia ya aina hiyo. Vitovu hivi vilikuwa Nairobi. Kakamega, makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, mji wenye hospitali ya mkoa, chuo cha WECO na msitu ambao wanamazingira wa dunia nzima wanaujua kwa jina, ulikuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 350 za barabara. Kwa hesabu za Shirika la Posta na Simu, ulikuwa mbali zaidi ya hapo, kwa sababu kila dakika ya simu ya masafa marefu ilikuwa na bei yake. Umbali huo wa bei ndio unaofichua kosa lililojificha ndani ya kazi inayoonekana kuwa ya kiufundi tupu: kuiachia mashine iamue yenyewe ni akaunti ipi iendelee kuishi na ipi ifutwe.

Kosa hilo lina asili yake. Ubao wa kwanza wa aina hii, CBBS, ulifunguliwa na Ward Christensen na Randy Suess mjini Chicago tarehe 16 Februari 1978. Ulihudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa laini moja, na simu ilipolia kompyuta ilijiwasha na kujipakia yenyewe bila mtu kuigusa. Tangu siku hiyo ya kwanza, basi, kazi ya mwenye ubao ilikusudiwa ifanyike bila yeye kuwepo. Programu nyingi zilizofuata zilimpa kila mtumiaji rekodi yake: jina, neno la siri, mji anakotoka, kiwango cha ruhusa, dakika anazoruhusiwa kwa siku, idadi ya miito yake na tarehe ya mwito wa mwisho. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanywa hakimu. Msimamizi aliweka idadi ya siku, na programu ikamwondoa kila asiyepiga simu ndani ya siku hizo. Kwa Marekani utaratibu huo ulikuwa na mantiki. Simu ya ndani ya mji kwa kawaida ililipiwa ada moja ya mwezi, hata mtu apige mara ngapi. Aliyekaa mwezi mzima bila kupiga simu isiyomgharimu kitu pengine alikuwa kweli amechoka na ubao ule.

FidoNet yenyewe ilizaliwa pale simu ilipogharimu. Tom Jennings wa San Francisco aliiandika programu ya Fido mwaka 1984, na haukupita muda yeye na John Madill wa Baltimore wakazifanya mbao zao mbili zipigiane simu usiku, bei ikiwa chini, na kubadilishana barua zilizokusanywa mchana. Kila mtu aliandika kwa simu ya karibu, na safari ndefu ikabebwa na mashine kwa mkupuo mmoja. Wazo hilo ndilo lililoifaa Afrika. Kupiga simu kutoka Nairobi kwenda Ulaya kuligharimu zaidi kuliko kupiga kutoka Ulaya kuja Nairobi, kwa hiyo London ndiyo iliyopiga. Lango la GreenNet jijini London, lililosimamiwa na Karen Banks, liliipigia mifumo ya Afrika, likachukua barua zilizokuwa zikitoka na kuacha zilizokuwa zikiingia. Mwaka 2013 Banks aliingizwa katika orodha ya heshima ya waasisi wa intaneti kwa kazi hiyo. Hapo otomatiki ilikuwa rafiki wa aliye mbali: ilipunguza dakika, ilitumia saa za bei nafuu, na itifaki kama Zmodem, iliyotengenezwa na Chuck Forsberg mwaka 1986, iliendelea pale laini ilipokatikia badala ya kurudia faili lote tangu mwanzo.

Lakini hati ile ile ya maagizo ya usiku iliyobeba barua ndiyo pia iliyofagia. Saa iliyopangwa ilipofika, programu iliwafungia watu mlango na kuiachia mashine kazi. Barua zilipokelewa, zikafunguliwa na kugawanywa kwenye visanduku. Faili la mabadiliko ya orodha ya vituo, lililotolewa kila wiki, liliunganishwa na orodha ya zamani ili kupata orodha mpya. Ujumbe uliopitwa na muda ulifutwa na nafasi yake kubanwa. Kisha ikaja zamu ya daftari la miito, faili lililoandika mstari kwa kila tukio: tarehe, saa, kasi ya modemu, jina la aliyeingia, alichochukua na saa aliyokata. Daftari hilo lilikua kila siku, kwa hiyo hati ililibadilisha jina, ikalifunga kwenye kumbukumbu na kuanza jipya. Mwisho rekodi za watumiaji zilipitiwa moja moja, zilizopita siku zilizowekwa zikatiwa alama, na faili likaandikwa upya bila hizo. Kompyuta ikajizima na kujiwasha, na asubuhi msimamizi akakuta kila kitu kipo sawa. Yote hayo yalikuwa mistari michache ya maagizo ya DOS, na ndani yake, baina ya kubana faili na kubadili jina la faili, ulikaa uamuzi juu ya watu.

Uamuzi huo uwekwe mbele ya mtu wa Kakamega wa wakati ule. Namba za mji wake zilianza na 0331, na Nairobi kwake ilikuwa simu ya masafa marefu iliyohesabiwa kwa umbali na muda. Mwalimu wa chuo au mtafiti wa msitu mwenye bajeti ndogo asingepiga kila siku. Angekusanya maswali yake, angoje usiku wa bei ya chini, ajaribu, akute laini imeshikwa au kelele zimezidi hadi modemu mbili zikashindwa kuelewana, aahirishe hadi wiki ijayo. Aliyeishi vijijini, ambako vituo vingi vya simu nchini bado viliunganishwa kwa mkono na opereta, asingeweza hata kuiachia kompyuta yake ipige namba yenyewe usiku. Mtu kama huyo anaweza kukaa kimya mwezi na zaidi, ilhali ndiye anayeuhitaji ubao kuliko jirani wa ubao huo, wa Westlands jijini Nairobi, anayepiga simu ya mjini kila jioni. Kanuni ya siku 30, kwa mfano, ingemwona jirani kuwa mwanachama mwaminifu, na yeye kuwa ameondoka. Kipimo kilichodhaniwa kupima hamu ya mtu, Kakamega kilipima bili ya simu.

Jibu la kwanza la mafundi ni kwamba diski zilikuwa ndogo, na asiyefagia angejaza nyumba. Hoja hii inastahili kupimwa kwa namba. Diski ya kawaida ya kompyuta ndogo ya miaka hiyo ilikuwa na megabaiti 20 au 40. Rekodi moja ya mtumiaji ilichukua mamia machache ya baiti. Tuchukue baiti 500 kwa kila mtu na watu 200: jumla ni baiti 100,000, yaani karibu nusu ya asilimia moja ya diski ya megabaiti 20. Kuifuta nusu ya orodha hiyo kungerudisha robo ya asilimia. Kilichokula nafasi kilikuwa ujumbe, mafaili ya kupakua na daftari la miito, na hivyo vyote vilikuwa na njia zao za kupunguzwa. Kuwafuta watu hakukuokoa diski. Kuliendelea kwa sababu kulikuwa rahisi kuandika, na kwa sababu kulikuja tayari ndani ya programu iliyotungwa kwingine.

Jibu la pili lina uzito zaidi: akaunti iliyolala ni hatari. Neno la siri lililosahauliwa na mwenyewe linaweza kukisiwa na mwingine, na kwa kuwa hakuna anayeitazama akaunti hiyo, wizi wake hautagunduliwa. Hili ni kweli, leo zaidi kuliko wakati ule. Ila hatari hiyo inadai kufungwa kwa mlango, haidai kufutwa kwa jina. Programu zile zile zilikuwa na viwango vya ruhusa. Mashine ingeweza kumshusha aliyekaa kimya hadi kiwango cha kusoma tu, au kumzuia hadi athibitishwe, barua zake zikimngoja. Tofauti kati ya kuzuia na kufuta ni kubwa kwa aliye mbali: aliyezuiwa hurudi kwa mwito mmoja, aliyefutwa huanza upya, ajaze maswali ya usajili huku dakika za masafa marefu zikihesabiwa, na akute barua alizoandikiwa hazipo.

Wengine watasema kwamba mjadala huu ni wa kufikirika, kwa kuwa waliotumia mbao hizo wengi walikuwa Nairobi. Hoja hii inachukua matokeo na kuyafanya sababu. Daftari la miito liliandika simu zilizofika. Simu iliyokwama kwenye laini iliyoshikwa kati ya Kakamega na Nairobi haikuigusa modemu, na kwa hiyo haikuacha mstari. Msimamizi aliyelisoma daftari lake asubuhi aliona Nairobi ikijirudia ukurasa hadi ukurasa, akapanga saa, kasi na siku za kufuta kulingana na aliyoyaona. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na hakuna mahali msemo huo ulipotimia kwa ukamilifu kama kwenye faili linaloandika waliofanikiwa kuingia peke yao. Mfumo unaojirekebisha kwa kufuata daftari la aina hiyo huzidi kuwafaa waliokwisha kufaidi.

Dawa ya tatizo hili ilikuwa tayari imo ndani ya FidoNet, nayo inathibitisha kwamba kosa halikuwa la otomatiki yenyewe. Mtandao huo uliruhusu kompyuta ndogo kujiunga na kituo kikubwa na kufanya kazi nje ya laini: watu waliandika barua zao bila simu kuwa wazi, na programu ikapiga mara moja, ikapeleka na kupokea furushi zima kwa dakika chache, kisha ikakata. Kwa mpangilio huo ofisi moja ya taasisi ingeweza kuwahudumia waandishi wengi kwa mwito mmoja wa wiki, na uanachama wao ukashikiliwa na taasisi yao wala si tarehe ya simu ya kila mmoja. Hapo mashine haikumuuliza mtu kwa nini hajapiga. Ilipokea kwamba kupiga ni ghali, ikajenga juu ya ukweli huo. Mashirika yaliyoleta barua pepe Afrika Mashariki yalifaulu pale yalipoifuata njia hii.

Kutoka hapa inapatikana kanuni inayotenganisha mambo mawili ambayo hati za usiku ziliyachanganya. Kumbukumbu za nyendo za mtu, yaani alipiga lini na alichukua nini, zinafaa kukatwa mapema. Katika Kenya ya chama kimoja, ambayo iliufuta utawala huo kisheria Desemba 1991 tu, orodha ya nani aliandikiana na London na saa ngapi haikuwa kitu cha kuachwa kikae kwenye diski, na hati iliyoifunga na kuifuta kila mwezi iliwatendea wema watu bila hata kukusudia. Kumbukumbu za uanachama, yaani kwamba mtu huyu yumo na anastahili kuingia, zinafaa kuhifadhiwa hadi mwenyewe aage. Mwanahistoria atalalamika kwamba kukata nyendo kunamnyima ushahidi. Kwa kweli anachohitaji ni jumla: miito mingapi kwa mwezi, kutoka miji gani, mingapi ilikatika. Jumla hizo zingekaa kwenye ukurasa mmoja kwa mwaka bila kumtaja mtu yeyote, na kama zingetunzwa, leo tungeweza kuuliza Kakamega ilikuwa wapi katika kuzaliwa kwa mawasiliano ya kompyuta nchini.

Posta na Simu iligawanywa mwaka 1999, ikazaa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Namba za Kakamega sasa huanza na 056, na wengi hawazitumii, wana simu ya mkononi. Bei ya masafa haipo tena kwa sura ile, lakini ipo kwa sura nyingine: bando linalokwisha, simu inayotumiwa na watu watatu wa nyumba moja, mkulima anayeingia kwenye huduma ya serikali wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazitaka taasisi zisikae na taarifa za mtu kupita muda unaohitajika, na hilo ni jema. Walakini, mara nyingi tunaona kinyume cha kanuni niliyoitetea: nyendo zinahifadhiwa miaka, na akaunti ya asiyeonekana inafungwa upesi. Kila anayeandika hati ya kusafisha mfumo, awe katika ofisi ya kaunti, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, sacco au hospitali, na aanze kwa swali moja: kuingia humu kunamgharimu kiasi gani aliye mbali kuliko wote? Idadi ya siku iwekwe baada ya jibu hilo, na mtu azuiwe kwanza, aarifiwe, asifutwe mpaka ajibu.