Peter Bally

Peter René Oscar Bally (1895 - 1980) alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Kenya. Alichunguza mimea ya Afrika Mashariki, hasa ile yenye majani au mashina manene yanayohifadhi maji. Alikuwa pia mume wa pili wa mchoraji na mwandishi Joy Adamson, na ndiye aliyemwelekeza kwenye uchoraji wa mimea.

Ndoa

Mwaka 1937 Bally alikutana melini na Friederike Viktoria Gessner, mzaliwa wa Troppau (leo Opava, Ucheki), aliyekuwa safarini kwenda Kenya. Walioana mwaka 1938. Jina "Joy", ambalo kwa Kiingereza lina maana ya furaha, alipewa na Bally.

Uchoraji wa mimea

Bally alifanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon (leo Makumbusho ya Taifa ya Nairobi). Alisafiri sehemu nyingi akikusanya mimea, na Joy alifuatana naye, kwa mfano katika msafara wa makumbusho kwenye vilima vya Chyulu mwaka 1938.

Mmea ukikaushwa na kubanwa kwenye karatasi hupoteza rangi na umbo lake. Kwa sababu hiyo wataalamu huhitaji picha zilizochorwa mmea ungali mbichi. Bally, ambaye mwenyewe alichora mimea, alimhimiza mkewe afanye kazi hiyo. Picha za Joy zilitumika katika vitabu kuhusu mimea na bustani za Afrika Mashariki. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell.

Baada ya talaka

Ndoa yao ilivunjika mwaka 1944, na mwaka huohuo Joy aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori. Hakuacha kuchora. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila mbalimbali ya Kenya wakiwa na mavazi na mapambo yao ya jadi. Mamia ya picha hizo yamehifadhiwa Nairobi.

Bally aliendelea na utafiti, na mwaka 1961 alitoa kitabu juu ya jenasi ya Monadenium. Wote wawili walifariki mwaka 1980. Joy anajulikana zaidi duniani kwa kitabu chake Born Free (1960) kuhusu simba Elsa. Jina lake la kwanza kwenye jalada ni lile alilopewa na Bally.