Kutoka Guni Hadi Huru

Kwenye magazeti yetu, mlimbwende ni msichana anayepita jukwaani akishindania taji la urembo. Fungua kitabu cha uhakiki wa fasihi, na ghafla William Wordsworth naye ni mlimbwende, yeye na mwenzake Coleridge, kwa sababu ya kitabu chao Lyrical Ballads cha mwaka 1798. Mimi kila nikikutana na neno hilo namwona Wordsworth na utepe begani, akipungia watu mkono pale uwanjani Bukhungu.

Ulimbwende una ukoo mkubwa. Kuna urasimi, uhalisia, uasilia, udhanaishi, usasa, na usasaleo, ambao hata kulitamka ni kama kumeza ugali bila mchuzi. Mengi ya maneno haya yamekusanywa kwenye Kamusi ya Fasihi ya K.W. Wamitila, iliyotoka 2003, na kwenye Nadharia za Uhakiki wa Fasihi cha R.M. Wafula na Kimani Njogu, 2007. Ni vitabu ambavyo wanasema huwezi kumaliza chuo bila kuvipiga kopi. (Mimi nilivipiga kopi na chuo bado sikumaliza. Karo haisomi kamusi.)

Ukivisoma haraka unaweza kudhani haya ni majina tu, kama majina ya madini kwenye somo la kemia. Lakini huko yalikotoka yalikuwa maneno ya ugomvi. Jean Moréas alipotangaza ushairi wa ishara mwaka 1886, alitumia ukurasa wa gazeti, Le Figaro la Paris, na ni kwenye gazeti hilohilo Marinetti alikuja kusifu magari na vita mwaka 1909. Sartre alitoa mhadhara wake maarufu wa 1945 kujibu watu waliokuwa wakimtukana kwa kulitaja hilohilo neno udhanaishi. Camus naye alibandikwa neno hilo akalikataa, na mpaka leo wanafunzi wanamwita hivyo kwenye mtihani.

Sasa, Waswahili nao walikuwa na ugomvi wao, na huo ndio unaonisumbua mimi. Ulihusu swali dogo: shairi ni nini?

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Huyu ndiye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri. Jina la kitabu linajieleza. Sheria. Vina vya kati na vya mwisho, mizani inayohesabika, beti zinazotosheka, na utungo unaoimbika. Usipofuata, ulichoandika kina jina lake la zamani, nalo si jina zuri: guni. Shairi guni ni shairi lenye kasoro, kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Halafu ikaja 1974. Euphrase Kezilahabi, kijana wa Kiukerewe, mzaliwa wa Namagondo kisiwani, akatoa diwani yake Kichomi. Hakuna vina vya lazima. Hakuna kuhesabu silabi kwa vidole. Mwaka huohuo akatoa pia riwaya Kichwamaji, ambamo msomi wa chuo kikuu, Kazimoto, anarudi kijijini, haoni maana ya lolote, na mwisho anajiua. Wahakiki hawakukawia: huu ni udhanaishi, hii ni Ulaya imevaa kanzu. Na mashairi yale? Wenye sheria wakasema ni kuiga Wazungu. Mabishano yaliendelea miaka na miaka, hadi Jumanne Mayoka akakipa kitabu chake jina la Mgogoro wa Ushairi.

Tuanze na hiyo shutuma ya kuiga, maana inaenda mbali kuliko inavyoonekana. Ni kweli, Ufaransa walikuwa na shairi lao huru tangu mwaka huohuo wa 1886, jarida la La Vogue lilipochapisha tungo mbili za Arthur Rimbaud zisizo na vina wala mizani. Lakini Rimbaud mwenyewe alikuwa wapi siku hizo? Hakuwa Paris. Alikuwa Tadjoura, Djibouti ya leo, ameshaachana na ushairi zamani, akisubiri msafara wa ngamia ampelekee Menelik wa Shoa bunduki za kuuza. Kwa hiyo shairi huru la Ulaya lilichapishwa wakati mtunzi wake yuko upande wetu wa bara hili akipiga hesabu ya risasi. Sisemi hilo linalifanya kuwa letu. Nasema tu ramani ya nani kamwiga nani haijanyooka.

Na huo upande wa pili, wa sheria, je? Neno arudhi ni la Kiarabu. Neno bahari, lile ambalo kila mwanafunzi wa Kenya analikariri (tarbia, takhmisa, ukawafi, kikwamba), linatoka kwa al-Khalil bin Ahmad, mwanachuoni mwenye asili ya Oman aliyeishi Basra karne ya 8 na kuzipanga bahari 15 za ushairi wa Kiarabu. Isipokuwa bahari za al-Khalil zinapima silabi ndefu na fupi, na Kiswahili hakina habari na silabi ndefu na fupi. Sisi tukachukua jina, tukaacha kipimo, tukahesabu mizani 8 kwa 8 na kuendelea na maisha. Jina lilisafiri na kitu kikabadilika njiani, sawa na ulimbwende ulivyobadilika kutoka mashairi ya milimani Uingereza hadi utepe begani.

Shaaban Robert aliyajua haya bila kuyapigia kelele. Alimleta Omar Khayyam kwenye Kiswahili, Mwajemi wa karne ya 11 na 12, kwa kupitia Kiingereza cha Edward FitzGerald cha 1859. Hakuna aliyemwambia anaiga. Pengine kwa sababu vina vilikuwepo.

Lakini siwezi kuwadharau wenye sheria, na hapa ndipo wengi wa rika langu wanapokosea, wakiwaona kama wazee wakali tu. Kumbuka kilichokuwa kimewapata. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, si Kimvita, ndani ya mji wenyewe wa Kimvita. Lugha ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa akirushiana mashairi na wapinzani wa Mombasa tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ikawa lahaja ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Wasahihishaji wengi walikuwa watu wa bara, na kabla yao Wazungu. Kilichobaki mikononi mwa Mvita ni ushairi. Halafu mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, watu wa bara, wanakuja na diwani inayoitwa Malenga wa Bara. Lisikilize hilo jina miaka mitano tu baada ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir. Mimi ningekuwa mtu wa Mvita ningeukunja uso.

Kwa hiyo ugomvi haukuwa wa vina. Ulikuwa wa kujua lugha hii ni ya nani.

Nami ni mtu wa bara. Naishi Shirere, Kakamega, na Kiswahili changu nilikipata darasani, redioni na barabarani, si kwa mama. Jioni nafundisha watoto wawili watatu wa majirani wanaojiandaa kwa KCSE, na karatasi ya tatu lazima iwe na shairi. Mmoja aliniuliza kama shairi huru ni la Wazungu. Swali la haki kabisa. Likijibiwa ndiyo, basi yeye Mluhya anayejaribu kuandika Kiswahili ana njia mbili tu: aige pwani au aige Ulaya.

Mulokozi na Kahigi walilijibu swali hilo kwenye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, 1979. Hoja yao, nikiifupisha vibaya, ni kwamba nyimbo za Kibantu zilikuwa mashairi kabla ya kina na mizani kuja, na mapigo yake yanatoka kwenye ngoma na pumzi. Hapa Kakamega huhitaji kitabu kuliona hilo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ina kiongozi anayetupa maneno na umati unaoyapokea, na ngoma ndiyo inayosema mstari uishie wapi. Jaribu kumwambia yule kiongozi kwamba hana mizani.

Na ile hadithi ya bara dhidi ya pwani ilikuwa imeshaanza kuchakaa. Alamin Mazrui, mtu wa Mombasa na wa ukoo wa Mazrui wenyewe, aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenya mwaka 1982. Diwani yake Chembe cha Moyo, 1988, imechanganya mashairi ya arudhi na yasiyo ya arudhi kama mtu mwenye nguo za aina mbili kabatini. Upande wa huku juu, Kithaka wa Mberia, mtu wa Tharaka, akatoa Mchezo wa Karata mwaka 1997, na herufi zake wakati mwingine zinatawanyika ukurasani zikichora kinachosemwa. Kuna kurasa zake nazipenda sana. Kuna mashairi huru mengine, ya watu wengine, ambayo ni insha tu iliyokatwakatwa, na wenye sheria walikuwa na haki ya kucheka.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Alipoondoka, shairi lake lilikuwa limeshaingia silabasi, na silabasi haiachi kitu bila kukipa jina. Leo watoto wangu wa jioni wanakariri kwamba shairi lisilo na vina wala mizani huitwa huru, au masivina, au mapingiti, au zohali, jina la ile sayari yenye pete. Limewekwa kwenye orodha moja na tarbia na takhmisa, na swali linauliza, kwa alama mbili: taja bahari ya shairi hili.