Chanjo, Msaada na Ubia: Safari ya Maneno Matatu

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno matatu ambayo yamefuatana katika historia ya kuwakinga watoto wa nchi maskini dhidi ya maradhi: chanjo, msaada na ubia. La kwanza limekwisha kukomaa. La pili limezoeleka mno. La tatu bado ni geni masikioni mwa wananchi wengi linapotumika katika habari za afya, na hilo ndilo lililotusukuma kushika kalamu.

Kitenzi kuchanja hakikuzaliwa hospitalini. Mtu huchanja kuni. Mganga huchanja chale na kusugua dawa katika jeraha. Maana yake ya msingi ni kupasua kwa chombo chenye makali. Kinga ya ndui ilipoenezwa wakati wa ukoloni, mganga wa serikali naye alikwaruza ngozi na kutia dawa, na watu hawakungoja kamati iwatafutie jina la tendo hilo, kwani lilifanana na lile walilolijua tangu zamani. Hivyo chanjo likawa jina la tendo, kisha la dawa yenyewe. Hata matone ya polio, ambayo hayamkati mtoto popote, leo huitwa chanjo. Wapo wanaolalamika kwamba neno moja limebebeshwa mzigo wa tendo, dawa na mpango mzima wa serikali. Sisi hatuoni ubaya mkubwa. Mama akisema mtoto amepata chanjo, hakuna asiyemwelewa. Utata huzuka katika taarifa za kiofisi, ambamo chanjo iliyoharibika ni dawa na chanjo iliyoahirishwa ni tendo. Hapo mwandishi mwangalifu hana budi kutofautisha dawa ya chanjo na uchanjaji.

Ushirikiano wa mataifa katika jambo hili ulianza kuonyesha nguvu zake kwa ndui. Mwaka 1958 Muungano wa Kisovieti ulipendekeza katika Shirika la Afya Duniani kwamba ugonjwa huo ufutwe kabisa. Juhudi zenyewe zilipamba moto mwaka 1967, mwaka uleule ambao Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Wasovieti walitoa dawa kwa wingi, Wamarekani wakatoa wataalamu na fedha, na mataifa hayo mawili yaliyokuwa yakitishiana kwa makombora yakafanya kazi moja katika vijiji vya Asia na Afrika. Dawa ilikaushwa ili istahimili joto, na sindano yenye ncha mbili ilimwezesha hata mtu asiye mganga kuchanja baada ya mafunzo mafupi. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Merca, pwani ya Somalia. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kuwahimiza wazazi wa Somalia wakubali matone ya polio, kazi aliyokuwa nayo hadi malaria ilipomuua mwaka 2013.

Kabla ndui haijamalizika, mwaka 1974, Shirika la Afya Duniani lilianzisha Mpango wa Kupanua Chanjo. Wakati huo, katika nchi zinazoendelea, watoto waliokamilisha chanjo za msingi hawakufika 5 katika kila 100. Tanzania iliingia katika mpango huo mwaka 1975 na Kenya mwaka 1980. Maradhi yaliyolengwa yalikuwa sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Msomaji atatambua kwamba matano kati ya hayo yana majina ya Kiswahili. Ni polio pekee lililokopwa. Hatukukosa maneno kwa sababu hatukukosa misiba.

Kilichohitaji istilahi mpya ni namna ya kuifikisha dawa. Chanjo nyingi hazina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi begani mwa mtoto. Palihitajika majokofu ya mafuta ya taa mahali pasipo na umeme, na makasha ya barafu ya kubebwa kwa baiskeli na mitumbwi. Mfumo huo ukaitwa mnyororo baridi. Ni tafsiri ya moja kwa moja, na kwa kawaida hatuipendi tafsiri ya namna hiyo. Hata hivyo mnyororo ukikatika kiungo kimoja hauna kazi tena, na jokofu likizimika siku moja chanjo nayo huweza kuharibika. Neno limejitetea lenyewe.

Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Benki ya Dunia, Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa na Wakfu wa Rockefeller yaliunda kikosi kazi cha pamoja, na kufikia mwaka 1990 ilitangazwa kwamba watoto 80 katika kila 100 duniani walikuwa wakifikiwa. Katika miaka hiyo neno lililotawala magazeti na hotuba lilikuwa msaada. Msaada ulikuja, msaada ukapungua. Baada ya 1990 mwendo ulidorora. Na chanjo mpya, kama ile ya homa ya ini aina ya B, zilitumika katika nchi tajiri huku watoto wa maskini wakizisubiri mwaka baada ya mwaka.

Hali hiyo ndiyo iliyozaa Gavi, iliyozinduliwa Davos, Uswisi, Januari 2000, kwa ahadi ya dola milioni 750 kutoka Wakfu wa Bill na Melinda Gates. Waliokutana humo ni serikali za nchi tajiri na maskini, mashirika ya Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na wenye viwanda. Mahitaji ya nchi nyingi yaliunganishwa yakawa soko moja kubwa, na mwenye kiwanda aliyehakikishiwa soko aliweza kushusha bei. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimonia Februari 2011. Desemba 2012, wabia hao walipokutana Dar es Salaam, Tanzania ilizindua kwa pamoja chanjo ya nimonia na ile ya kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota.

Je, huu ni ubia kweli? Katika biashara za kwetu mbia huleta mtaji, husikilizwa, na hushiriki faida na hasara. Tuchukue mtaji kwanza. Nchi maskini zaidi zilitakiwa kuchangia senti 20 za dola kwa kila dozi ya chanjo mpya, na mchango hukua kadiri pato la nchi linavyokua, hadi nchi ijilipie yote. Katika bodi yenye viti 28, serikali zinazopokea chanjo zina vitano, sawa na serikali zinazotoa fedha. Kuhusu hasara, hapo mizani hailingani. Juni 2025, katika mkutano wa Brussels, Gavi iliomba dola bilioni 11.9 ikaahidiwa zaidi kidogo ya bilioni 9, na Marekani ikasema haitachangia. Hasara ya namna hiyo haigawanywi. Huishia kwa mtoto wa upande mmoja tu.

Pamoja na hayo tunapendekeza neno ubia litumike. Neno msaada linazificha zile senti 20. Mwananchi aliyezoea kuambiwa kwamba chanjo ni msaada, siku ikikosekana katika zahanati atamlaumu mgeni wa mbali, wala hatamwuliza mbunge wake kama fungu la bajeti lilitolewa kwa wakati. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wetu haukuwa mtupu.

Limebaki neno moja linalotusumbua. Siku hizi taarifa huandika "watoto wa dozi sifuri", ambao mwaka 2024 walikadiriwa kuwa milioni 14.3 duniani. Maneno hayo si Kiswahili cha mtu yeyote. Lakini "watoto wasiochanjwa kabisa" nalo halifai, maana hesabu hiyo huwahusu waliokosa dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, nao huenda walichanjwa kifua kikuu siku waliyozaliwa, kisha wasionekane tena kliniki. Kwa sasa tunatumia "watoto wasiofikiwa". Wasomaji wenye pendekezo bora wanaombwa watuandikie.