Picha Moja Baada ya Kupona

Mjomba wangu anatembea na platinamu kichwani. Usicheke, ni kweli. Miaka miwili iliyopita aliangushwa na maumivu ya kichwa ambayo mwenyewe anasema yalikuja kama mtu kampiga nyundo ya kisogoni. Ukoo ukachanga, kiwanja kikauzwa, akapelekwa India. Akarudi anatembea na utani wake uleule. Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani yake agizo: apigwe picha ya kichwa baada ya miezi sita.

Miezi sita ikapita. Mwaka ukapita. Nikimuuliza ananijibu, "Mwanangu, mimi nimepona. Picha ya nini tena? Halafu ile mashine ni sumaku. Itaning'oa chuma kichwani."

Mimi niliishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Jibu sikuwa nalo. Basi nikaanza kusoma historia ya hiyo picha anayoikimbia. Kumbe ni kisa kirefu, na hofu ya mjomba imo ndani yake.

Ugonjwa wenyewe unaitwa anurizimu. Ukuta wa mshipa wa damu ubongoni hudhoofika sehemu moja, ukatuna kama tyubu ya baiskeli pale ilipochakaa. Wengine huishi nao bila kujua. Ukipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na baadhi hawafiki hata hospitali.

Tatizo la madaktari wa zamani lilikuwa kuona. Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895 kule Ujerumani, akaonyesha mifupa ya mkono wa mkewe pamoja na pete. Lakini mshipa wa damu si mfupa. Kwenye eksirei ya kawaida haujitofautishi na nyama iliyouzunguka.

Aliyeufanya uonekane ni Egas Moniz wa Lisbon, daktari aliyewahi pia kuwa waziri wa mambo ya nje wa Ureno. Wazo lake: tia ndani ya mshipa dawa inayozuia eksirei, kisha piga picha upesi kabla damu haijaisomba. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na jongo, hivyo alisaidiwa na daktari kijana, Almeida Lima. Walianza na dawa ya strontiamu, na mgonjwa mmoja akafariki. Wakabadili, wakatumia chumvi ya iodini. Tarehe 28 Juni 1927 mishipa ya ubongo wa kijana mmoja aliye hai ilionekana kwenye filamu, imetandaa kama matawi ya mti.

Hapo nilisimama kidogo. Kila picha tunayoiona ya kawaida leo, kuna mtu aliyelala kwenye kile kitanda wakati bado haijajulikana kama ataamka. Na haikuishia hapo. Dawa moja iliyopendwa sana miaka iliyofuata, Thorotrast, ilionyesha mishipa vizuri ajabu. Kumbe ilikuwa na thoriamu, madini yenye mionzi, nayo haikutoka mwilini. Miaka mingi baadaye iliwaletea watu saratani. Kwa hiyo mtu anayeogopa kipimo si mjinga. Zamani vipimo vilishawahi kuua.

Baada ya kuona ikaja zamu ya kutibu. Machi 1937, Baltimore, Marekani, Walter Dandy alifungua fuvu la mgonjwa na kukibana kibanio kidogo cha fedha kwenye shingo ya anurizimu, kama mtu anavyofunga mdomo wa puto. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu: kufungua kichwa.

Mwaka 1990 Mwitaliano Guido Guglielmi, akiwa na wenzake Los Angeles, alianza kutibu wagonjwa bila kufungua fuvu. Mrija mwembamba huingizwa kwenye mshipa wa pajani, ukasukumwa taratibu hadi ubongoni, kisha waya laini wa platinamu hujikunja ndani ya lile puto mpaka damu igande humo. Waya huo huitwa koili. Mwaka 2002 ulitangazwa utafiti wa wagonjwa 2,143 ambao anurizimu zao zilikwisha kupasuka. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa karibu 24 katika kila 100 kwa waliotiwa koili, na karibu 31 kwa waliofunguliwa kichwa.

Sasa mjomba anasema, "Si umeona? Nimepona!" Hapana, mjomba. Damu haipumziki. Kila pigo la moyo linasukuma ule waya, na siku zinavyokwenda waya unaweza kushindiliwa ndani kama pamba ya godoro la zamani. Shingo ya puto ikabaki wazi, damu ikaingia tena. Mwaka 2003 Jean Raymond na wenzake wa Montreal walieleza kwamba katika anurizimu walizozifuatilia kwa picha, takriban theluthi moja zilikuwa zimefunguka tena kwa kiasi fulani. Si kwamba zote zitapasuka. Nyingi huangaliwa tu, nyingine hutibiwa tena. Lakini mwenyewe huhisi chochote. Kichwa hakiumi, utani unaendelea. Mwenye habari ni picha peke yake.

Picha ipi? Ile ya Moniz, ya mrija na dawa, ndiyo inayoonyesha kwa undani zaidi mpaka leo, ila ina hatari yake ndogo ya kiharusi. Sitiskani husumbuliwa na mng'ao wa koili. Ndiyo maana hospitali nyingi hutumia MRI: damu inayokwenda hung'aa kwenye picha, hata bila dawa.

Na sumaku je? Mwaka 1993 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa aliyekuwa na kibanio cha zamani cha aina inayovutwa na sumaku. Alipelekwa kwenye MRI, kibanio kikasogea, akafa. Kwa hiyo maneno ya mjomba si ya kijiweni. Ila platinamu haivutwi hivyo, na vibanio vingi vya siku hizi ni vya titani au madini mengine salama. La muhimu ni karatasi inayotaja umewekewa nini. Hiyo ndiyo wenye mashine huiuliza kwanza.

Jumapili nilimsomea mjomba haya yote barazani. Alinyamaza hadi chai ikapoa. Kisha akaniuliza, "Huyo aliyekufa, karatasi yake ilisemaje?" Nikamwambia cha maana kwetu ni ya kwake inasemaje. Akamwita shangazi. Bahasha ikatafutwa kabatini, ikakosekana, ikaja kuonekana chini ya godoro, imekunjamana lakini inasomeka: koili, platinamu.

"Soma tena," akasema. Nikasoma.

Nauli ya kwenda kwenye kipimo bado tunaichanga. Nawe unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu yupo aliyetibiwa kichwa akaambiwa arudi, muulize karatasi yake iko wapi.