Nani Alilipia Madaka?

Makadirio yaliingia kwenye simu ya Shangazi jioni ya Jumamosi, tukiwa tumekaa juu ya matofali mbele ya pagale lake, Makurunge. Jipsam, rangi, marumaru, makabati ya jikoni, taa, mapazia: hivyo alivielewa, ingawa alivikunjia uso. Mstari wa mwisho ndio uliomsimamisha. Uliandikwa "ada ya ubunifu", na peke yake ulikula sehemu moja ya kumi ya jumla yote.

"Hii ya nini, mwanangu?" akaniuliza. "Rangi nanunua, fundi namlipa. Huyu dada nampa hela ya nini? Ya kufikiri?"

Nikamwambia ndiyo, Shangazi, ya kufikiri.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Basi mimi nimefikiri bure miaka sitini."

Makurunge ni kata ya wilaya ya Bagamoyo. Ni sehemu ya mashamba, na sasa ina kiwanda cha sukari, lakini kila mwaka unakuta mapagale mapya katikati ya minazi na mikorosho. Wengi wanaojenga huko wanajua bei ya tofali, nondo na bati bila kuuliza mtu. Wakimaliza kupaua ndipo wanapokutana na sehemu ya nyumba ambayo bei yake hawaijui, yaani ndani. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, kwa hiyo swali la Shangazi nililichukua kwa namna ninayoijua. Watu wa pwani hii wamepamba nyumba kwa mamia ya miaka. Nani alikuwa akilipia kufikiri?

Ushahidi wa kwanza uko karibu. Kule Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, na Kunduchi ukielekea Dar es Salaam, kuna makaburi ya mawe yenye nguzo ndefu. Kwenye baadhi ya makaburi hayo utaona mashimo ya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli na sahani za kaure kutoka China. Mtu aliyesafirisha chombo cha kulia kwa bahari nzima, kisha akakijengea ukutani ambako hakitaliwa tena chakula, hakuwa ananunua bakuli. Alikuwa ananunua maana, na maana hiyo ilihitaji mtu wa kuamua bakuli likae wapi.

Waliokuwa hai nao walifanya hivyo majumbani. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa zile za karne ya 18, chumba cha ndani kabisa kina ukuta uliojaa vishimo vya plasta vilivyopangwa safu juu ya safu. Hayo ndiyo madaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe. Ukisimama mbele yake unaweza kudhani ni pambo tu. Lakini zingatia nyumba yenyewe. Dari yake inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali, ni kama mita 3 tu. Kwa hiyo vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na kila unavyoingia ndani mwanga unapungua. Madaka meupe ya chokaa yalikamata ule mwanga mdogo na kuufanya ukuta uonekane una kina. Fundi alikuwa na chumba chembamba chenye giza, na akalitatua tatizo hilo bila kusogeza ukuta hata inchi moja. Huo ni ubunifu wa mambo ya ndani, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za Lamu, alieleza kwamba kaure zilizopangwa humo hazikuwa za kutazamwa tu. Ziliaminika kuwakinga wenye nyumba na jicho la hasidi, hasa katika chumba ambamo bibi arusi alikaa, watoto walizaliwa na maiti waliandaliwa. Naye mwanahistoria James de Vere Allen aliitazama nyumba ya mawe kwa jicho la biashara. Mfanyabiashara wa pwani aliishi kwa mkopo, na mgeni aliyeteremka kutoka chomboni alihitaji ishara kwamba mtu huyu hatatoroka na mali yake. Kuta nene zilisema: niko hapa, na nitakuwepo msimu ujao wa pepo. Kwa mtazamo huo, pambo la ndani lilikuwa gharama ya kuaminika.

Unguja ya karne ya 19 iliipandisha gharama hiyo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza vyumba vyenye madaka na rafu zilizopangwa vyombo vya kaure na vya kioo, pamoja na vioo vikubwa na saa kutoka Ulaya. Watu wa tabaka lake walikuwa tayari kulipa bei kubwa kwa sahani yenye michoro mizuri au jagi lenye umbo la kupendeza.

Fedha hizo zilitoka wapi? Nyingi zilipita Bagamoyo. Msafara ulipoondoka kwenda Unyamwezi na Ujiji, vitambaa, shanga na waya vilichukuliwa kwa mkopo, mara nyingi kutoka kwa wafadhili wa Kihindi wa Unguja na mawakala wao wa mrima. Deni lililipwa pembe za ndovu ziliporudi, pengine baada ya mwaka, pengine baada ya miwili. Pembe hizo zilibebwa mabegani na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30, na wengine waliofika pwani na misafara hiyo walifika wakiwa watumwa. Ukipita leo Mji Mkongwe wa Bagamoyo ukapiga picha mlango wa nakshi, unapiga pia picha ya risiti, ingawa majina ya waliolipa hayamo.

Na jina la aliyebuni? Halimo pia. Mlango wa nakshi ulikuwa na bei, na inasimuliwa Unguja kwamba mlango ulitangulia kusimamishwa, kuta zikafuata. Mchongaji ndiye aliyeamua mnyororo upite wapi, ua lifunguke wapi, samaki akae chini au juu. Lakini mwenye nyumba alilipia mbao, siku za kazi na misumari ya shaba. Fikra ilifungwa ndani ya bei ya mlango, kama chumvi ndani ya mchuzi. Ukubwa wa mlango ulimsifu mwenye nyumba, si mchongaji.

Hiyo ni historia ya wenye mawe. Watu wengi wa Bagamoyo hawakuishi humo. Waliishi kwenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, na kwao gharama ya ndani haikulipwa kwa rupia wala kwa reale. Ililipwa kwa mikono ya wanawake. Walisuka mikeka ya ukindu baada ya kutia miyaa rangi na kuhesabu michirizi kichwani, bila mchoro. Walikandika, wakapaka chokaa, wakatundika kawa ukutani, wakaigeuza kanga kuwa pazia la mlango wa chumbani. Bibi yangu, mama yake Shangazi, aliipaka nyumba yake kabla ya kila Idi. Nikiwa mdogo nilidhani hiyo ilikuwa sehemu ya usafi. Leo naona kila mwaka alikuwa anaamua upya chumba kiwe na sura gani, kwa bajeti ya ndoo moja ya chokaa.

Kazi ya namna hiyo ikishakosa bei, ni rahisi kukosa na jina. Mfano wake uko hapa hapa Bagamoyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maelezo yake ya maisha ya pwani ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903. Jina lililowekwa mbele ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, profesa wa Kijerumani. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndiyo iliyomtaja Mtoro kuwa mwandishi. Ilichukua miaka 78 kwa aliyefikiri kuandikwa juu ya jalada.

Nikiwa na hayo kichwani, niliyarudia makadirio ya Shangazi nikiwa na heshima kidogo kwa ule mstari wa mwisho. Ada ya ubunifu ni ngeni machoni petu kwa sababu imeitenga fikra na bidhaa. Siku hizi ufundi huu unasomewa, na Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada yake. Wabunifu wengine hutoza kwa mita ya mraba, wengine kwa asilimia ya gharama ya kazi, wengine hutoza ushauri wa siku moja tu. Unacholipia ni michoro, orodha ya vifaa, na mtu wa kumwambia fundi "hapana" kabla marumaru hazijakauka. Aliyeikwepa ada hiyo mara nyingi huilipa kwa njia nyingine: sofa isiyopita mlangoni, swichi nyuma ya kabati, dari ya jipsam inayovunjwa ili kupitisha waya.

Lakini sikuweza kulipuuza lile neno lake la miaka sitini. Kumwambia mwanamke kwamba kufikiri ndani ya nyumba kuna thamani, kisha kumpa ankara ya fikra za mtu mwingine, ni jambo linalohitaji uangalifu.

Jumamosi iliyofuata mbunifu alikuja mwenyewe, kijana wa umri wangu mwenye futi ya utepe na daftari. Alimwamkia Shangazi, akazunguka vyumba vyote kimya, kisha akauliza swali moja. "Mama, huwa mnakula wapi?"

"Chini, mkekani. Wote pamoja."

Kijana akatazama mchoro wake. Sebuleni alikuwa ameweka meza ya watu wanane. Akaifuta pale pale, na mahali pake Shangazi akaonyesha kwa kidole ukuta wa mashariki. Alitaka baraza ya ndani, ya kujengea, yenye upana wa mkeka mmoja, na juu yake vishimo ukutani vya kuwekea kawa na bakuli za marehemu mama yake. Sidhani Shangazi amewahi kufika Lamu. Alisema tu kwamba jua la asubuhi litaingia humo vizuri.

Mbunifu alichora haraka, akasema ni wazo zuri, na kwamba hata gharama itashuka.

Wakakubaliana: michoro na kuja mara mbili, basi, usimamizi wa mafundi Shangazi atafanya mwenyewe. Wakati kijana anafunga daftari, Shangazi akamshika mkono.

"Dada, ile baraza nimefikiri mimi. Nipunguzie."

Yule dada akacheka, akasema sawa mama. Makadirio mapya yalipoingia kwenye simu, meza haikuwemo, na punguzo lilikuwepo. Halikuandikwa ni la nini.