Mapito ya Nchi ya Natta

Nchi ya Wanatta, iliyo magharibi ya mbuga kuu ya Serengeti, ikipakana na Waikoma upande wa macheo, Waikizu upande wa machweo na Wangoreme upande wa kaskazini, haina mlima wenye kilele cha theluji wala msitu mnene wa mvua kama ule wa Usambara. Ina vilima vya mawe vilivyotawanyika, mabonde ya migunga, na kando ya mto Grumeti msitu mwembamba ambamo mbega huruka tawi hadi tawi kana kwamba wako milimani. Walakini mtu atakaye kuijua taarikhi ya matembezi ya porini katika Tanzania, yaani namna watu walivyopita, walivyopumzika na walivyoiheshimu nchi isiyolimwa, atapata hapa mafunzo mengi mno, kwani kwa Wanatta njia ya miguu ilikuwa ndiyo hati ya kumiliki nchi, na siku njia zilipofungwa hati hiyo nayo ilitenguka.

Wazee wa Kinatta hueleza asili ya kabila lao kwa habari ya watu wawili: Nyamunywa, mwindaji aliyetoka porini na upinde wake, na Nyasigonko, mwanamke mkulima mwenye nafaka. Wakakutana, wakakaa pamoja, na katika uzao wao likatoka kabila. Naona habari hii imedumu kwa sababu inasadifu maisha yenyewe, maana Mnatta aliishi kwa shamba lililo karibu na nyumba na kwa pori lililo mbali, na kilichoviunganisha viwili hivyo ni njia. Kiangazi kilipokolea, na mavuno yakiisha kuingia ghalani, wanaume walishika njia za kuelekea mbugani, wakapiga kambi penye maji, wakachimba mashimo ya mtego katika mapito ya wanyama na kuwinda kwa mishale iliyopakwa sumu. Nyama haikuletwa mbichi, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ilikatwa vipande virefu vyembamba, ikatandazwa juu ya uchaga wa miti, ikakaushwa kwa jua na kwa moshi hadi ikawa kimoro, kitu chepesi begani na kinachostahimili miezi, ambacho mpaka leo watu wa Mara hukitaja kwa hamu. Katika kambi hizo vijana walifundishwa majina: kilima hiki, chemchemi ile, mti huu ambao chini yake fulani alikufa, na aliyerudi nyumbani bila kuyajua majina hayo alihesabiwa bado mtoto, hata kama alikuwa amekwisha kuua nyumbu.

Walakini iliyokuwa na hadhi kuliko zote haikuwa njia ya mwindaji, bali ile ya rika. Wanatta, kama majirani zao Waikoma, Waishenyi na Wangoreme, waliishi kwa utaratibu wa marika, na rika lililokabidhiwa zamu ya kuilinda nchi lilikuwa na wajibu wa kuizunguka kwa miguu, likipita mipakani na mahali patakatifu, likiweka dawa ya kinga, ili ekyaro, yaani nchi pamoja na watu wake, mifugo yake na mvua yake, ipate kutulia. Katika vilima fulani na chemchemi fulani walikaa emisambwa, mizimu wenye ulinzi wa nchi, na mahali hapo hapakukatwa mti wala hapakuchotwa maji ovyo. Palifikiwa kwa adabu, na watu wenye ruhusa, kwa siku yake. Waikoma walikuwa na Machaba, pembe mbili za ndovu walizozipata kwa mganga wa Kitatoga, nazo zikatunzwa kwa taadhima kubwa. Msomaji wa leo aliyezoea kuona mipaka ya nchi katika ramani na katika vigingi vya saruji hana budi atafakari jambo hili: hapo kale mpaka wa Natta ulikuwa mahali zilipokanyaga nyayo za vijana wa rika, na usipokanyagwa tena kwa miaka mingi, ulikuwa umekwisha kuanza kufutika.

Ndipo zikaja nyakati za maafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ya ng'ombe ilipita Afrika Mashariki nzima, ikaua mifugo na baadhi ya wanyama wa porini. Ikafuatwa na ndui, na uvamizi wa Wamasai, ambao nao walikuwa wamefilisika kwa sotoka ile ile, na katikati ya muongo huo ikaja njaa ambayo wazee huiita njaa ya miguu. Watu walifunga safari hadi Usukuma kutafuta nafaka, na wapo waliowaacha watoto wao huko kwa chakula, wengine wasiwaone tena. Ni katika dhiki hiyo, na katika miaka iliyoifuata, njia ya Usukuma ilipokuwa njia ya biashara yenye faida isiyotarajiwa: Wasukuma walipenda bangili zilizosukwa kwa singa za mkia wa nyumbu, na Wanatta na Waikoma, waliokuwa na nyumbu wengi mno na ng'ombe hakuna, walibeba mikia, na sumu ya mishale pia, wakarudi na mbuzi na ng'ombe. Kwa hivyo mifugo ambayo wageni waliikuta baadaye katika nchi ya Natta ilikuwa kwa sehemu kubwa imenunuliwa kwa mikia ya wanyama wa porini. Na mtu atakayesema kwamba watu hawa walikuwa maadui wa wanyama kwa tabia yao, huyo hajui walivyosimama tena baada ya kuanguka.

Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alipopita huku mwaka 1892 akielekea ziwa kuu, aliipita nchi iliyokuwa tayari katika msiba. Watu walipopungua na ng'ombe walipokufa, vichaka viliota mahali palipokuwa malisho na mashamba, na mbung'o wakafuata vichaka. Mwanahistoria Helge Kjekshus alilieleza jambo hili kwa marefu katika kitabu chake cha mwaka 1977, akiitazama Tanganyika nzima. Wazungu waliokuja baadaye waliona pori tupu wakadhani limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwake, wala hawakufahamu kwamba mengi waliyoyaita maumbile safi yalikuwa makazi yaliyoachwa juzi. Hili ndilo kosa lililozaa makosa mengine yote katika habari hii.

Wajerumani walijenga ngome yao Ikoma mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakatoza kodi na kutengeneza barabara. Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White aliingia Serengeti kutoka kaskazini kwa miguu, akitembea mwendo wa siku nyingi, na baadaye akaandika kitabu cha kuisifu nchi hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyeigundua. Baada ya vita kuu ya kwanza walikuja wawindaji wenye magari, wakipiga simba wa Seronera kwa wingi hata serikali ya Kiingereza ikaingiwa na hofu. Mwaka 1929 sehemu ya nchi ikafanywa hifadhi ya wanyama, na Kapteni M. S. Moore, aliyekuwa na nishani ya Victoria Cross, akawekwa Banagi kuwa msimamizi. Mwaka 1951 ikawa Hifadhi ya Taifa. Mwaka 1959 mipaka ilichorwa upya, Wamasai wakahamishwa kwenda Ngorongoro, na Hifadhi ikapanuliwa upande wa kaskazini. Katika miaka ya 1960 ikaongezwa Lamai, ng'ambo ya mto Mara, nchi iliyokuwa ya Wakuria wa Tarime. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa, na hapo Wanatta wakajikuta wamezungukwa. Nyeberekera, mahali Waishenyi wanapopaita chimbuko lao, pamo ndani ya Hifadhi, na mzee atakaye kwenda kutambika hana budi aombe ruhusa ya kuingia kwao.

Kinyume cha njia za Natta, zilizofungwa moja baada ya moja, njia za misitu ya milimani zilipata heshima mpya. Hans Meyer alipofika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita msituni akiongozwa na watu wa Uchagga, na mapito waliyoyajua wao ndiyo yaliyokuja kuwa njia ya Marangu, inayopitwa na maelfu ya wageni hadi leo, wakifuatana na waongozaji na wapagazi wa Kichagga wanaokula kwa kazi hiyo. Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani waliweka kituo cha elimu ya mimea mwaka 1902; leo ni hifadhi ya mazingira asilia, na vijia vyake vya kutembelea msitu vinapita karibu na vijiji na mashamba ya chai, mwenyeji akiwa mwongozaji. Hata Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, mgeni hupanda kwa miguu hadi maporomoko ya Sanje. Sisemi kwamba watu wa milimani hawakudhulumiwa. Wamezuiliwa kuni, wamezuiliwa mashamba. Walakini njia zao zimebaki njia, na mwenye kuzijua amebaki mwenye thamani, ilhali Serengeti mgeni aghlabu hatoki garini, na mwenyeji anayekutwa akitembea kwa miguu anashukiwa kuwa jangili kabla hajafumbua kinywa.

Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliowahesabu wanyama kutoka katika ndege yao iliyopakwa mistari ya punda milia, walifanya kazi kubwa ambayo haifai kudharauliwa. Michael alikufa katika ndege hiyo Januari 1959, na filamu yao ilisababisha dunia nzima kuipenda Serengeti. Ila ndani yake mwenyeji wa magharibi alionekana zaidi kama mwenye mtego na mshale wa sumu, mtu wa kukamatwa. Njia ya mwindaji, ile ile iliyofundisha vijana majina ya vilima, ikawa ushahidi mahakamani.

Mabadiliko yalianza na sera ya wanyamapori ya mwaka 1998, iliyowaruhusu wanavijiji kutenga ardhi yao kwa hifadhi na kupata sehemu ya mapato yake. Ikaundwa Jumuiya ya Ikona, yenye vijiji vitano vya Waikoma na Wanatta: Robanda, Natta-Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti. Nyumbu hupita hapo wanapohama kuelekea kaskazini, na kambi za watalii zimejengwa. Sasa, tofauti na siku za njaa ya miguu, Mnatta ana fedha inayotokana na mnyama aliye hai. Hilo ni jema, nalitamka bila kigugumizi. Lakini fedha hugawanywa, hubishaniwa na huisha, ilhali majina ya chemchemi, mahali pa emisambwa na mstari wa mzunguko wa rika yamebaki vichwani mwa wazee ambao kila mwaka wanapungua, na barabara ya lami ya kutoka Makutano kupitia Natta hadi Mugumu italeta wageni wengi kuliko hao waliopo.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa Hifadhi, wa mapori ya akiba na wa Jumuiya ya Ikona, pamoja na wenye makampuni ya utalii watakaotaka kufungua vijia vya kutembea katika vilima hivi: kabla kigingi cha kwanza hakijakitwa, waiteni wazee wa marika, mtembee nao nchi nzima kwa miguu, muandike majina kama wanavyoyatamka wao, mjue wapi mgeni apite na wapi asikanyage kabisa, kisha muwafanye vijana wao waongozaji wenye mshahara wa haki, na watoto wa shule za Natta na Mugumu waruhusiwe kupita katika njia hizo bila kiingilio, kwa kuwa ni za babu zao.