Ufito na Tairi Kuukuu

Nilikua nikimjua mbwa kuwa ni mlinzi tu: alale nje, abweke usiku, ale makombo. Sikumfikiria kuwa mwenzi wa michezo mpaka nilipomwokota Simba, mbwa koko mwenye mbio, nami nikasoma habari za Crufts.

Crufts ni maonyesho makubwa ya mbwa huko Uingereza. Mwaka 1978, jijini London, waandalizi walitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji kati ya shindano moja na jingine. John Varley, mjumbe wa kamati, alimwomba msaada Peter Meanwell, mkufunzi wa mbwa. Wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi. Timu mbili za mbwa wanne wanne zilishindana, na watu wakaupenda mchezo. Mwaka 1980 Kennel Club, chama cha mambo ya mbwa nchini humo, kikautambua rasmi.

Lililonigusa ni hili: kwenye maonyesho mbwa hupimwa kwa umbo na nasaba, lakini katika mchezo huu hata mbwa koko huruhusiwa. Hufunguliwa kamba, na mwenyewe haruhusiwi kumgusa wala kushika chakula. Humwongoza kwa sauti na mwili wake tu. Pasipo kuaminiana hakuna mbio.

Nyumbani niliweka ufito juu ya matofali, nikaning'iniza tairi kuukuu. Tulianguka sote mara nyingi. Simba amezeeka; kila mwaka nimeushusha ufito kidogo. Sasa umelala chini, naye bado hunitazama kwanza, kisha huuvuka.